Msufi wa Kwa Dobi

Mti hauna adabu. Watu husema mti umetulia, mti una subira, na mtu mpole wanamfananisha nao. Hao hawajawahi kukaa mbele ya mti mmoja na sindano mkononi. Mimi nimekaa, na nawaambieni mti hautulii hata kidogo. Ukigeuka kunywa chai, mti umeshaangusha kitu, umeshachipua kitu, na ukirudi unajifanya kama si wenyewe.

Kazi yangu ni kuchora miti kwenye shaba. Kila ninapotaja kazi hiyo naulizwa kama napaka rangi. Sipaki rangi. Nachukua bamba la shaba, nalipaka nta nyeusi, nakwaruza mchoro kwenye nta kwa sindano, kisha nalilaza bamba kwenye beseni la tindikali. Pale nilipokwaruza, tindikali inaila shaba. Palipo na nta inapaacha. Nta ikishasafishwa, wino unajazwa kwenye vile vijistari, uso wa bamba unafutwa mpaka ubaki wino wa mistarini tu, karatasi yenye unyevu inalazwa juu, na vyote vinapitishwa kwenye mashine nzito ya gurudumu. Karatasi inanyonya wino, mti unatoka. Hiyo nusu ya pili, ya wino na mashine, ni ya mume wangu. Yeye ni mpiga chapa. Tangu tuoane hatujawahi kubadilishana, kwa sababu mimi sina mkono wa kufuta wino, na yeye hawezi kuchora hata yai.

Msufi ninaousema uko ng'ambo ya ukuta wetu, uani kwa dobi. Dobi huyo ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, mwanamke mwenye mikono iliyochubuka kwa sabuni na mdomo usiochubuka kwa lolote. Dirisha la chumba changu cha kazi, huku ghorofani, linautazama mti uso kwa uso. Shina lake ni la kijivu, na matawi yamenyooka pembeni kama mikono ya mtu anayepimwa shati kwa fundi. Wifi anauchukia. Maganda yakipasuka, sufi inapeperuka na kunata kwenye mashuka yaliyolowa, naye hulazimika kufua upya huku akinilaani mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeupanda.

"Mama Majani," ananiita kutoka chini, "njoo umchukue mtoto wako. Amenitapikia nguo za watu."

Nimechora miti mingi, ya barabarani, ya makaburini, ya nyuma ya stesheni, na yote niliimaliza. Huu mmoja ulinishinda. Bamba lake ni kubwa kuliko yote niliyowahi kuyagusa, na nililianza binti yetu akiwa bado anavaa sare ya shule. Sasa yeye mwenyewe anawavalisha wanawe sare. Si kwamba ni mgumu kuchora. Tatizo ni kwamba mimi uongo sichori. Nikichora tawi, nataka liwe lile tawi pale, na si tawi la jumla la kumridhisha mpita njia. Sasa nichore nini, kama nikimaliza upande huu upande ule umeshabadilika? Dhoruba moja ikivunja tawi, nalikwangua kwenye shaba, nalainisha, nalipigilia bamba kwa nyuma ili pale palipobonyea painuke, napaka nta upya, nachora upya, narudisha kwenye tindikali. Mume wangu anachapa nakala mbili tatu, tunazitazama, naona kosa, nazichana. Kisha naanza tena.

Yeye hakuwa na neno. Alikuwa akigeuka kunawa mikono, na kwa mgongo wake nilijua ameudhika, lakini mwanamume yule ni wa kumeza maneno. Wifi ndiye aliyekuwa akisema kwa niaba yake.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, Mama Majani. Siku utakayosema umemaliza, mti utakuwa kuni."

"Wewe fua."

"Nafua. Tena zangu zinatakata."

Halafu macho ya mume wangu yakaanza. Kwanza alikuwa anagonga bega kwenye milango. Akawa anamwaga chai kwa kuweka kikombe ukingoni mwa meza, na mimi nikamwambia ana uzembe wa uzeeni. Binti yetu, ambaye hana mchezo, alimshika mkono akampeleka kwa daktari. Ilikuwa presha ya macho. Kilichokwenda hakirudi, binti alinieleza jikoni kwa sauti ya chini. Dawa ni ya kulinda kilichobaki, na kilichobaki si kingi. Alikuwa anaona mbele yake tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Pembezoni hakuna kitu. Na hilo tundu litazidi kuwa dogo.

Jioni ile tulikaa mezani. Binti alikuwa ameshaondoka. Mume wangu alikuwa anamenya chungwa taratibu, kwa vidole zaidi kuliko kwa macho.

"Nina ombi moja," akasema. "Nataka kuchapa msufi."

"Si unauchapa kila mara?"

"Nauchapa mara mbili, tatu, unachana. Nataka kuuchapa wote. Nakala thelathini, zinazofanana, kutoka bamba moja, bila wewe kuligusa katikati. Nimewachapia wachoraji wa mji huu wote, hata wale wasiojua kushika sindano. Mke wangu mwenyewe sijawahi kumchapia kazi ikaisha. Nataka niifanye wakati bado naona wino."

Ni kweli, kwa wapiga chapa hiyo ndiyo heshima ya kazi: bamba linamalizika, idadi inatajwa, nakala zote zinatoka sawasawa kama pacha, basi. Mimi nilimnyima hilo miaka yote kwa ajili ya vitawi.

"Nipe mpaka majani mapya yatoke," nikamwambia. "Nataka uwe na majani. Yakitoka, naweka sindano chini. Naapa."

"Usiape. Maliza tu."

Basi nikajikaza kisabuni. Miezi ile sikuchora kitu kingine. Nilikuwa nakaa dirishani tangu mwanga unapotosha mpaka unapokataa, na bamba mbele yangu, shingo imekakamaa, na ule mti pale kwa wifi ukinifanyia vituko. Ukapukutisha majani yote. Ukatoa maua, ukayaangusha. Ukaning'iniza maganda, nikayachora, yakapasuka, nikayakwangua. Kuna siku nilifungua dirisha nikautukana kwa sauti, na mteja aliyekuja kuchukua suti yake akadhani namtukana yeye.

Jambo moja tu lilinipa moyo, nalo lilikuwa tawi la chini. Lile ndilo refu kuliko yote. Linatoka shinani na kwenda juu ya kamba za nguo mpaka karibu na ukuta wetu, na kwenye bamba langu linakwenda mpaka ukingoni kabisa. Mti mzima umesimama kwa tawi lile. Ukiliondoa, kinachobaki ni nguzo yenye nywele. Na kwa miaka lilikuwa linashuka. Uzito unalivuta, kila mwaka linainama zaidi, nami kila mwaka nalikwangua na kulishusha. Pale shaba ilikuwa imeshakuwa nyembamba, nikiigusa kwa kucha naisikia inaitikia. Lakini safari hii tawi lilitulia. Nililipima kwa penseli dirishani wiki baada ya wiki, halijashuka hata unywele. Nikalichora kwa raha ambayo sijawahi kuipata, kila kifundo, kila kovu, mpaka kitawi cha mwisho. Lilitoka zuri mno. Nilimwambia mume wangu:

"Hata mti wenyewe umeona haya. Umeacha kunichezea."

Akakohoa. "Labda," akasema.

Majani mapya yakatoka. Vile vidole vya kijani vilifunguka juu kabisa kwanza, halafu katikati, halafu pande zote. Mume wangu alikata karatasi thelathini na kitu, nzuri, nzito, akazipanga kwenye shelfu. Alichanganya wino wake mwenyewe kwa siku mbili, akausogeza karibu na pua, akautia mafuta kidogo, akautazama tena. Alikuwa anaimba. Mimi nilibakiza majani ya tawi la chini tu. Nikangoja yatoke niyachore, nifunge kazi.

Hayakutoka. Mti mzima ulikuwa umevaa, tawi lile uchi. Nikasema limechelewa. Nikangoja. Gome lake likaanza kubadilika rangi, likawa la kijivu kisicho na uhai, na siku moja kunguru alitua kwenye ncha yake, kitawi kikavunjika kama kijiti cha kiberiti na kunguru akaenda zake. Hapo nikajua. Tawi lilikuwa limekufa.

Hasira iliyonipanda siwezi kuieleza kwa upole. Nilisema moyoni, huu mti una lake jambo na mimi. Nimeshuka nao ulipotaka kushuka, nimepukutika nao, na siku niliyoahidi kuweka sindano chini ndiyo siku unaniulia tawi. Nikaenda mezani, nikavuta bamba, nikachukua kisu cha kukwangulia. Bamba lilikuwa linasema tawi liko hai. Tawi halikuwa hai. Nisingeweza kuliacha litiwe wino hivyo. Mkono wangu haujui uongo.

Kisu kile kikigusa tu shaba kina mlio wake, na mume wangu anaujua hata akiwa usingizini. Sikuwa hata nimekikandamiza. Alikuja kutoka chumba cha mashine akipapasa ukuta, akasimama mbele ya meza, akaweka kiganja chake wazi juu ya bamba, juu ya lile tawi.

"Toa mkono," nikasema.

"Uliahidi."

"Limekufa. Tazama dirishani, limekufa, halina hata jani moja."

"Mimi sioni huko dirishani. Naona hapa. Hapa liko hai."

"Ni uongo."

"Basi acha liwe uongo. Ukilikwangua sasa, shaba hiyo itatoboka. Na isipotoboka utanichorea jingine, utangoja, utakwangua. Mimi sina mwaka mwingine wa kukungojea."

Nilikiweka kisu chini kwa kishindo. Sikuwa nimekubali, nilitaka tu mtu mwingine wa kugombana naye, ambaye hatanijibu kwa sauti ile. Nikateremka ngazi, nikazunguka ukuta, nikaingia uani kwa wifi. Nilikuwa nimeshapata mshitakiwa. Kwa nini tawi likauke peke yake? Lazima ni zile kamba zake za nguo. Ametundika mashuka ya hoteli nzima mpaka amelivunja mgongo.

Wifi alikuwa ameinama juu ya beseni, povu mpaka kwenye viwiko.

"Wifi, umeniulia tawi langu kwa mashuka yako."

Hakuinua kichwa. "Mimi? Ningetaka kuua ningeanza na shina."

"Kamba zako zimefungwa wapi?"

"Kwenye nguzo, Mama Majani. Nguzo zile pale. Huzioni kwa sababu hazioti majani."

Nikazunguka nyuma ya shina, upande ambao dirisha langu halijawahi kuuona. Pale juu, tawi linapotoka shinani, kulikuwa na waya. Waya mnene, wa chuma, umezungushwa kwenye tawi na kupandishwa mpaka kwenye panda ya juu, ukakazwa kwa kijiti kilichosokotwa. Ulikuwa umezama ndani ya gome. Juu yake na chini yake tawi lilikuwa limevimba, na pale kwenye waya lilikuwa jembamba kama kiwiko cha mtoto. Lilikuwa limenyongwa.

"Nani amefanya hivi?"

Wifi alisuuza mikono yake kwanza. Alichukua muda, na kwa kuwa si kawaida yake kuchukua muda kabla ya kusema, nilianza kuogopa.

"Kamuulize mdogo wangu," akasema.

"Nakuuliza wewe."

"Haya. Alikuja mwaka jana, wiki ile aliyotoka kwa daktari. Akataka ngazi. Nikamwambia una wazimu, mtu haoni pembeni anapanda mti. Akasema, dada, lile tawi likishuka tena mke wangu hatamaliza. Nikamshikia ngazi. Ningefanya nini? Ningemwacha aanguke, halafu nikufulie na sanda?"

Nikautazama tena ule waya.

"Na si hilo tu. Alfajiri ukiwa umelala anakuja na ule ufito mrefu wa jirani wa kutungulia maembe. Anaupapasa msufi, kila chipukizi jipya la upande wako analikwanyua. Anaunyoa kama kinyozi. Nilimwambia, udongo uwahi ungali maji. Mke huyu ulipaswa kumkunja mapema, sasa unahangaika kukunja mti."

Akacheka, halafu akaacha kucheka, kwa sababu alikuwa ananitazama usoni. Akachukua shuka akaanza kulikamua, na mimi kwa mazoea nikashika ncha ya pili, tukalisokota pamoja. Nilitaka kumpiga mume wangu. Nilitaka pia kukaa chini kwenye ile sakafu yenye maji na kulia, kwa ajili ya mzee mmoja juu ya ngazi, anapapasa waya, anajaribu kuusimamisha mti kwa sababu mkewe hawezi kusimama.

Nilirudi ghorofani kwetu. Alikuwa bado pale mezani. Kiganja kilikuwa bado juu ya bamba.

"Umeniulia tawi," nikamwambia.

Alielewa nimetoka wapi. "Nililishikilia."

"Umelinyonga."

"Sikujua linanenepa. Nilidhani tawi linarefuka tu."

"Umeishi na mimi miaka yote hii, hujui tawi linanenepa? Kila siku nakuambia, tazama linavyonenepa, tazama kifundo hiki..."

"Nilikuwa nasikiliza mistari," akasema. "Unaposema miti, mimi nasikiliza mistari. Mnene, mwembamba, utashika wino kiasi gani. Hiyo ndiyo kazi yangu." Sauti yake ikapanda kidogo, jambo ambalo sijazoea. "Na wewe umeishi na mimi miaka yote. Ulijua lini kwamba macho yangu yanakwisha? Nilipomwaga chai ulisema mimi mzembe."

Nilikaa. Nikalitazama bamba. Lile tawi ndiyo kazi bora niliyowahi kuifanya maishani, na niliifanya kwa sababu alilifunga waya. Utulivu wote ule niliousifia ulikuwa wake. Nikihesabu vibaya au vizuri, mti ule wa kwenye shaba hatukuwahi kuupata uani. Tulikuwa tumeutengeneza watu wawili, mmoja kwa sindano na mmoja kwa waya, na ule wa uani ndio uliolipa.

Sikuwa nimemsamehe. Nilikuwa nimechoka kuwa sahihi.

"Tia wino," nikasema.

"Sasa?"

"Sasa hivi, kabla sijabadili mawazo. Unanijua."

Akaloweka karatasi. Akapasha bamba moto kidogo, akalipaka wino wote, akasugua kwa pande zote mpaka ukaingia mistarini. Halafu akachukua kile kitambaa chake chepesi cha wavu, akaanza kufuta kwa mizunguko, na mwisho akamalizia kwa kiganja kitupu, anapitisha ukingo wa mkono juu ya shaba kwa wepesi ambao nimekuwa nikiutazama tangu ujana wangu. Katikati ya bamba paling'aa. Shina lilikuwa limefutwa kama lilivyopaswa. Lakini pembeni mkono wake ulipita hewani, au uligusa na kurudi mapema, na wino ukabaki mzito kwenye pembe, hasa pale tawi linapokwenda kuishia. Aliligeuza bamba kichwa chini, akaligeuza tena, akachungulia kama kuku anayechunguza punje. Akaridhika.

Akazungusha gurudumu. Akainua karatasi kwa ncha mbili, akanipa.

Mti ulikuwa umetoka, na nusu ya tawi ilikuwa imemezwa na weusi.

"Vipi?"

"Imetoka."

"Mbona hujaichana wala hujaandika nambari?"

Nikachukua penseli. Yeye akaichukua karatasi mkononi mwangu, akaisogeza karibu na pua, akaanza kuipitisha mbele ya macho polepole, sehemu baada ya sehemu, mpaka akafika pembeni. Akasimama pale. Kisha akaichana katikati, akaweka vipande mezani.

"Tangu lini tunatia sahihi uchafu?"

Ya pili alifuta kwa muda mrefu zaidi. Ikatoka na pembe ile safi kidogo na nyingine chafu, na tawi halina ncha. Hakuniuliza. Aliitafuta kasoro mwenyewe, akaipata, akaichana. Halafu akavuta kiti akakaa, mikono miwili myeusi mapajani.

"Nimechelewa," akasema.

"Mimi ndiye niliyekuchelewesha."

"Ndiyo," akasema. "Wewe na mti wako."

Nilitaraji angekataa. Mtu anapojishutumu anategemea angalau abishiwe kidogo. Nikasema, "Niache nikufutie pembe. Pembe tu."

"Hapana. Kila mtu na kazi yake. Ukifuta wewe haitakuwa nakala yangu." Akainuka. "Lete bamba."

Nikamletea. Akalipaka wino tena, akafuta, kitambaa, kiganja, pumzi zake zinasikika. Pembeni pakabaki vilevile. Alipomaliza akanipa mgongo, akaenda kwenye trei kutoa karatasi iliyolowekwa.

Nilikamata kile kitambaa. Sikuwa nimewahi kufuta bamba maishani mwangu. Nikafuta pembe moja, nikafuta ya pili, nikapitisha ukingo wa kiganja kando ya tawi kama nilivyomwona akifanya, mpaka nikaona vile vitawi vya mwisho vinatokeza kimoja kimoja. Nikaweka kitambaa, nikaficha kiganja nyuma. Akarudi na karatasi, akailaza, akashusha blanketi la mashine, akazungusha.

Ikatoka safi. Tawi lilikwenda mpaka ukingoni, na kila kifundo kilikuwa mahali pake. Dirishani, ng'ambo ya ukuta, lilelile lilikuwa limekauka juu ya mashuka ya wifi. Sikumbuki kama nilitazama.

Mume wangu aliishika nakala ile muda mrefu, pua kwenye karatasi. Akafika pembeni. Akapita.

"Naona bado kidogo," akasema.

Mimi, nisiyechora uongo, nikachukua penseli nikaandika nambari ya kwanza, nikatia sahihi.

"Unaona," nikamwambia.

Akalipaka bamba wino tena, akalifuta, akaenda kwenye trei. Safari hii alizipapasa karatasi moja moja kama anayechagua, ingawa zote zilikuwa sawa, na hakugeuka mpaka aliposikia nimeweka kitambaa chini.